Salamu Kutoka Uvira

Daktari alisema neno moja tu, tena kwa Kifaransa na huku amekwisha kuwapa mgongo, na kwa neno hilo ukoo mzima wa watu waaminifu ukageuka kuwa waongo. "Pas d'émotions," alisema. Mgonjwa asishtuliwe. Kisha akaingia kwenye gari lake, akapanda zake Kiriri, mtaa wa wakubwa mlimani, kabla ya saa ya watu kufungiwa majumbani. Huko juu mtu bado aliweza kula chakula chake cha jioni akiitazama mitaa ya chini ikifuka moshi.

Mgonjwa alikuwa Hamimu, fundi cherehani wa Buyenzi, mshonaji wa kanzu na suti. Moyo wake ulikuwa umevimba, umechoka kusukuma damu, na miguu yake ilijaa maji mpaka viatu vikamkataa. Wiki aliyolazwa ndiyo wiki mwanawe wa pekee wa kiume, Moubarak, fundi wa mobileti, zile pikipiki ndogo, alipokwenda kitongoji cha Cibitoke kumrudishia mtu mobileti yake iliyokwisha kutengenezwa. Alikuta barabara imefungwa kwa mawe. Waliokuwa nyuma ya mawe yale hawakumuuliza mengi. Alizikwa kesho yake, siku ya Ijumaa, haraka haraka, kama walivyozikwa wengi mwaka ule wa vita, wa tisini na tano.

Nani angemwambia baba? Seifu, kaka yake Hamimu na mkubwa wa ukoo, alikata shauri matanga hayajaanuliwa. "Docteur amesema asishtuke. Basi hakuna mutu atamuambia. Siku atapona, atarudi kwake, tutamuketisha sisi wanaume na maalim, tutamuambia pole pole." Hakuna aliyembishia. Ndiyo desturi yao: habari ya kifo haipelekwi kwenye kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo Moubarak, aliyekuwa chini ya ardhi, akapewa safari ya kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kutafuta vipuri.

Khadidja, dada yake marehemu, aliwekwa kwenye lango la hospitali kila saa ya kutembelea wagonjwa. Alimzuia kila mgeni wao na kumnong'oneza, "Muzee hajui. Moubarak iko Uvira." Wengine walifuta machozi palepale, wakaingia wodini na nyuso za watu waendao harusini. Asiya, mama wa marehemu, alipita kwanza bombani akanawa uso, akafunga vizuri kitenge chake cha maua, akajisemesha peke yake ili asikie kama sauti iko sawa. Alikuwa bado hajapata nafasi ya kumlilia mwanawe. Nyumbani kulikuwa na wageni wa matanga wanaotaka chai, na hospitali kulikuwa na mume anayetaka habari.

"Moubarak amerudi?" Hamimu aliuliza kila siku.

"Bado, Baba Moubarak. Anakusalimu sana."

Na watu wote walimwita mwanamke yule Mama Moubarak. Jina hilo alilisikia kutwa nzima, kila mahali, na kila mara aliitika.

*

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Consolate, mama wa Nyakabiga, mwembamba, mkali, mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Alikuwa na sheria yake ambayo hakuna daktari aliyemwagiza: mgonjwa wa moyo hatoki kwake bila somo. Alikwisha kuona wengi wakitoka kwa miguu yao na kurudi wamebebwa. Kila Alhamisi aliwaketisha kwenye benchi la barazani, wagonjwa pamoja na wanaowauguza, akawauliza kama watoto wa shule.

"Chumvi?"

"Apana!" benchi lilijibu.

"Kyubu ya kutia mu supu?"

"Apana!"

"Samaki ya chumvi?"

Hapo walitazamana kwanza. Mzee mmoja alikohoa. "Apana," walisema mwishowe, kwa huzuni ya kweli.

"Mi ninawaponyesha hapa, munaenda kuuawa na sufuria ya kwenu," Consolate alisema. Akawaonyesha jinsi ya kulala na mito miwili, jinsi ya kubonyeza mguu kwa kidole na kuangalia kama shimo linabaki. Aliwaonya kwamba kidonge cha kukojoa ni cha asubuhi, si cha jioni, maana jioni choo kiko nje na nje kuna risasi. Halafu akamgeukia Hamimu. "Muzee, cherehani yako ni ya mukono ao ya miguu?"

"Ya miguu."

"Basi, usikanyage tena."

Hamimu alitazama miguu yake. Ilikuwa imekonda sasa, imekunjamana kama soksi kuukuu, na ndiyo iliyokuwa imeilisha nyumba yake tangu ujana. "Na nani atakanyaga?" aliuliza.

"We unaniuliza mi? Ku nyumba muko na nani mwenye nguvu? Nani atavuta maji, atainua gunia, atakukimbiza hapa kama pumzi imekata?"

"Moubarak. Mutoto yangu."

"Huyo Moubarak mi sijamuona hata siku moja." Consolate alimgeukia Asiya. "Mama, nataka huyo kijana akuje hapa, nimufundishe. We mwenyewe hutamuweza muzee siku ataanguka. Bila kumuona, mi sisemi kwa docteur kama muko tayari."

Benchi zima lilimtazama Asiya. "Iko Uvira," alisema.

"Uvira?" Consolate alicheka. "Uvira ni pale! Mutu anaenda asubui, saa sita amerudi. Baba anataka kufa, yeye anafanya nini Uvira?"

"Watoto wa sasa," alisema mama mmoja aliyekuwa akimuuguza dada yake. "Unamubeba mu mugongo, akikua anakupatia mugongo."

Watu walicheka, wakatikisa vichwa. Asiya alitazama sakafu. Alisikia mwanawe akisemwa na watu wasiomjua, naye hana la kumtetea ila uongo mwingine. "Nitamutumia ujumbe," alisema.

Uongo ule ulikuwa umekwisha kuwa kama sufuria ya msibani: kila aliyekuja alitia alichokuwa nacho. Jirani mmoja alisema Moubarak amepata kazi. Mwingine akasema ni kazi nzuri, kwa Mwarabu. Hawakuwa na nia mbaya. Walimwona mgonjwa anakunjua uso akisikia habari za mwanawe, nao wakaona si dhambi kumwongezea kijiko kimoja.

Aliyepitisha kipimo ni Zénon, dereva wa lori, rafiki wa Hamimu tangu enzi za mpira. Kweli Zénon alikuwa akivuka mpaka na lori lake, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Alikuja jioni ya siku ile ya somo na kuketi kitandani.

"Nimemuona juzi," alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko ilivyohitajika. "Amenenepa! Anavaa viatu vya ngozi. Watu wa kule wanamupenda sana. Hata nimesikia kama anataka kuoa."

Uso wa Hamimu haukukunjuka safari hii. "Anaoa?"

"Ni watu tu wanasema."

"Anaoa, anavaa viatu vya ngozi, na mi nalala hapa?"

"Muzee, labda mi sikusikia muzuri."

"Ulisema umemuona na macho yako."

Zénon alimtazama Asiya kwa macho ya mtu aliyevunja kitu nyumbani kwa wenyewe. Asiya alikuwa anakunja shuka ambalo lilikwisha kukunjwa. Zénon aliaga mapema siku ile, na nje ya lango Khadidja alimkuta ameegemea ukuta, analia kwa kwikwi.

*

Alhamisi iliyofuata Consolate aliita majina. Alipofika kwa Hamimu alisimama, akaangalia kulia na kushoto kama mtu anayetafuta kitu kidogo kilichodondoka.

"Mutoto hakukuja?"

Akamgeukia Asiya.

"Mama, nilikuambia nini? Ulimutumia ujumbe ao hukumutumia?"

"Nilimutuma mutu."

"Na akasema nini?"

"Amesema kazi ni mingi."

Hilo ndilo jibu Asiya alilolipata kinywani, na alipolisikia likitoka alitamani kulirudisha. Mwanamume mmoja mwishoni mwa benchi, mwenye moyo mbovu kama wa Hamimu lakini mwenye wana watatu waliomzunguka, alisema kwa huruma ya kuudhi, "Muzee, usijali. Tutakusaidia sisi. Mutoto yako alisha kukusahau."

Hamimu aliinuka. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kushona kimya, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alishika ukuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauinua juu.

"Basi musikie wote," alisema. "Nilimulea. Nilimushonea nguo ya Iddi kila mwaka, yake ya kwanza, yangu ya mwisho. Leo nakufa mbele ya wageni, yeye ananenepa Uvira. Radhi yangu, Moubarak, nimemunyima. Hapa duniani na kule ahera nimemu—"

Asiya alimrukia na kumziba mdomo. Mwanamke kumziba mume mdomo kwa kiganja mbele ya kadamnasi! Hamimu alimsukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nazo hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kumkalisha Asiya chini sakafuni, kitenge kimefunguka. Kisha akalimalizia neno lake. "Nimemunyima. Radhi ya baba hana."

Waislamu wawili waliokuwa pale walisema astaghfirullah. Wengine hawakulielewa neno lenyewe, lakini walielewa uso wa yule mama, wakaacha kucheka. Consolate alimsaidia Asiya kuinuka, akimkemea Hamimu kwamba hasira ni sumu kwake kuliko chumvi. Somo la siku ile likaishia hapo.

*

Asiya alimfuata Consolate kwenye kichumba cha kuchemshia sindano, akaufunga mlango kwa mgongo wake.

"Madame, mutoto yangu hatakuja," alisema. "Moubarak alikufa. Walimuua Cibitoke. Hata arobaini yake tulisha soma."

Consolate alikaa juu ya boksi la dawa. Midomo yake ilitembea bila sauti, akirudia labda aliyoyasema Alhamisi mbili zile. "Mi nilimutukana," alisema. "Mama yake umekaa hapo, mi natukana mufu. Juu ya nini hukuniambia?"

"Docteur alisema pas d'émotions."

"Docteur!" Consolate alilitema neno. Kisha akarudi kuwa muuguzi. "Sikia. Muzee aambiwe hapa, mbele ya kutoka. Hapa iko oksijeni, iko sindano, iko mi. Ku nyumba muko na nini? Hiyo ndiyo kumutayarisha mutu kurudi kwake, mama. Chumvi ni kitu kidogo."

"Na kama moyo utasimama?"

"Unaweza kusimama. Hapa nitajaribu kuuamsha. Ku nyumba mutamuangalia tu."

Asiya alikwenda kwa Seifu jioni ile ile. Shemeji yake alimsikiliza akiwa amekaa mbele ya duka lake la sabuni na mafuta ya taa, akawa anapangua na kupanga vipande vya sabuni. Alipomaliza kusikia alitikisa kichwa.

"Aambiwe mu hopitali? Mbele ya wageni, na huyo infirmière wa wodi? Ndugu yangu si mutu wa barabarani. Ataambiwa kwake, na sisi, na maalim."

"Amemunyima mutoto radhi, shemeji. Mbele ya watu."

"Ni hasira. Mutu hajui kitu, maneno yake hayana nguvu. Mungu anajua kila kitu."

"Mungu anajua," Asiya alisema. "Moubarak je? Kule iko, anajua?"

Seifu aliziacha sabuni, akawa mkali, kama awavyo mtu aliyeshindwa na mwanamke. Alimwambia aende nyumbani kabla barabara haijafungwa, na asimlete yule mama wa Nyakabiga katika mambo ya ukoo.

Siku zilizofuata Asiya alijaribu njia nyingine. Alimkanda Hamimu miguu, akampepea, akangoja wakati ametulia, akaingiza neno. Alisema mtoto ni mtoto. Alisema hasira za baba ni nzito, asimbebeshe kijana mzigo ule. Alimsihi aseme tu, kwa sauti ndogo, hapo kitandani, kwamba amemwia radhi, basi, na yeye hatamsumbua tena.

"Akuje mwenyewe aniombe," Hamimu alisema. "Ana miguu. Tena ya viatu vya ngozi."

"Sema tu, Baba Moubarak. Kwa ajili yangu."

"We ndiye ulimuharibu. Kila siku unamufunika. Hata sasa unamufunika." Na kwa hilo, bila kujua, Hamimu alisema kweli tupu.

*

Asubuhi moja mji uliamka na milio kutoka vitongoji vya kaskazini, na kabla jua halijapanda hospitali ilijaa. Waliletwa kwa malori, kwa milango iliyong'olewa, kwa mikokoteni. Walilazwa barazani, kwenye benchi la Alhamisi na chini yake. Daktari alipita wodini upesi, kalamu mkononi, akawanyoshea kalamu wagonjwa wanaoweza kuketi.

"Huyu, nyumbani. Huyu, nyumbani. Yule pale, nyumbani."

"Docteur, huyu bado," Consolate alisema alipofika kwa Hamimu. "Kuna jambo la familia."

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua, lakini—"

"Basi akapumulie kwake." Na kalamu ikaendelea.

Hamimu alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili wakati kijana mwenye tumbo lililofungwa kwa shati alipowekwa juu ya shuka lake. Hakuna aliyembadilishia shuka. Hamimu alimtazama yule kijana, akavua kofia yake, akaivaa tena, akatoka.

Mlangoni Consolate alimvuta Asiya pembeni. Aproni yake ilikuwa na damu mpaka kifuani. Alimshika kifundo cha mkono mmoja na kumwekea hapo, juu ya mshipa, vidole viwili vya mkono wake wa pili. "Hapa. Unasikia? Siku utamuambia, awe ameketi, usimuambie amelala. Asubui, akisha kunywa kidonge. Dirisha wazi. Shika hapa, usiachilie. Ikienda mbio, ni kawaida. Ikienda mbio halafu inasimama-simama, mulete mbio."

"Nimulete na nini?"

Consolate alifungua mdomo. Nyuma yake walikuwa wanamwita. "Sijui," alisema. "Kwa kweli, mama, sijui."

*

Waliomwona Hamimu akiingia mtaani kwake, ameshikiliwa na Zénon upande mmoja na Khadidja upande wa pili, walipiga vigelegele. Kiti kiliwekwa barazani. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakampa hongera, wakaketi mikekani. Ilikuwa ile ile mikeka ya matanga, na wengi walikaa pale pale walipokaa siku zile walipokuwa wakimlilia mwanawe. Safari hii walikuja kumfurahia baba, nao walijua la kusema. Seifu alikuwepo pia, kofia mpya kichwani.

"Leo apana," alimnong'oneza Asiya kabla hajaulizwa. "Leo ni siku ya furaha."

"Kesho?"

"Tuache apate nguvu kwanza. Mwezi mumoja, miwili. Tutaona."

Asiya alimtazama vizuri, akaona kitu ambacho angepaswa kukiona mapema: mkubwa wa ukoo alikuwa anaogopa. Desturi, na wanaume, na maalim, vyote vilikuwa pazia la woga wake. Angeahirisha mpaka Hamimu afe, kisha angesema afadhali hatukumwambia.

Lakini Hamimu alikuwa na jambo lake rohoni na sasa alikuwa na watu wa kulisikiliza. Kila aliyeketi, alimweleza. Mutoto ameniacha. Mutoto anaoa kule, mi sikuambiwa. Radhi yangu nimemunyima, na nyinyi muwe mashahidi. Na watu wale, walioliosha jeneza la Moubarak kwa machozi, walitikisa vichwa na kusema, kweli, muzee. Pole, muzee. Wangesema nini? Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, ambaye siku ya msiba alizimia akamwagiwa maji, alitaka kumfurahisha mgonjwa kuliko wenzake. "Ni mutoto mubaya," alisema. "Mi tangu zamani nilimuona. Mubaya kabisa."

Asiya alikuwa anapita na chai. Aliisimamisha sinia mbele ya yule bibi. Bibi akainua macho, akakutana na ya Asiya, akashusha ya kwake kwenye kikombe.

Asiya aliwahudumia wote. Alikusanya vikombe. Lakini moyoni alikuwa amechoka mpaka mwisho wa kuchoka. Watu wa mawe walimuua mwanawe mara moja. Hawa waliompenda walikuwa wanamuua kila siku, kwa hongera na kwa chai yake mwenyewe.

*

Asubuhi alimpa Hamimu kidonge chake, akangoja aende chooni na kurudi. Akamketisha kitandani na mito miwili mgongoni. Akafungua dirisha. Akaweka sahani ya viazi vitamu na maharage juu ya kigoda, halafu akamtuma Khadidja akachanje kuni uani, ingawa kuni zilizochanjwa zilikuwa tele. Hamimu alimtazama akihangaika.

"Leo umemuita nani, unatengeneza nyumba hivi?"

"Hakuna mutu. Nipatie mukono."

Alimpa. Asiya aliweka vidole viwili juu ya mshipa, akausikia ukigonga polepole, kama mtu asiye na haraka.

"Baba Moubarak, Moubarak hayuko Uvira. Hakuenda Uvira hata siku moja. Alikufa. Walimuua mu barabara ya Cibitoke, ile wiki ya kwanza umelazwa. Tulimuzika."

Mshipa ulisita chini ya vidole vyake, kisha ukaanza kukimbia. Ulikimbia, ukaruka, ukakimbia tena. Asiya aliushikilia. Alikuwa anasali na kusikiliza kwa pamoja, na hakujua ni kipi alichokuwa akikifanya zaidi. Hamimu alifungua mdomo kuvuta hewa ya dirishani, mara moja, mara mbili. Hakuanguka. Ule moyo uliochungwa na watu wazima wote wa Buyenzi kama yai ulikimbia weee, halafu, taratibu, ukapunguza mwendo.

"Nani alimuosha?" Hamimu aliuliza.

"Maalim Akilimali na Seifu."

"Nani aliingia mu kaburi?"

"Seifu."

"Na Zénon? Alisema alimuona na macho yake."

"Zénon alikuwa nyuma ya jeneza mupaka makaburini. Alilia kuliko watu wote. Alisema vile juu ya kukufurahisha."

Hamimu alifikiri juu ya hilo. Alifikiri, bila shaka, juu ya kila aliyekuja kitandani kwake na salamu, juu ya mikeka ya jana na vichwa vilivyotikiswa. Halafu akautoa mkono wake katika vidole vya mkewe, akaviinua viganja vyote viwili mbele ya uso.

"Moubarak, mwanangu," alisema, na sauti ikamkatika, akaianza tena. "Nimekuwia radhi. Duniani na ahera. Nilisema na mimi sijui. Usibebe kitu changu. Nimekuwia radhi, mwanangu, na wewe uniwie."

Asiya aliinama juu ya magoti yake. Kilio alichokuwa amekinawa bombani siku zote zile kilikuja sasa, bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, na hakukizuia. Mtoto wake alikuwa salama. Lililobaki, alifikiri, watalibeba wawili. Alingoja mkono wa mumewe uje begani kwake.

Haukuja. Aliinua uso. Hamimu alikuwa anaitazama sahani.

"Ile siku ya kumuzika," alisema, "ulikuja hopitali?"

"Nilikuja."

"Mbele ya kumuzika ao nyuma?"

"Nyuma. Walitoka makaburini, nami nikakuja. Kama nisingekuja ungeuliza."

"Uliniletea chakula?"

"Baba Moubarak..."

"Nakuuliza."

"Nilileta. Wali na kuku. Watu walikuwa wameleta kuku kwa wageni."

"Na mi nilikula?"

Asiya alikwisha kusema uongo mwingi mno. Alijaribu kupata mmoja wa mwisho, mdogo tu, na hakuupata.

"Ulikula yote," alisema. "Ulisema ni tamu. Uliomba ingine."

Hamimu aliufuta mdomo wake kwa kiganja. Uani Khadidja aliacha kuchanja kuni. Kisha mzee alikisukuma kigoda kwa mguu, bila hasira, mpaka sahani ikawa karibu na mlango.

"Kuanza leo," alisema, "Khadidja ndiye atanipikia."

Asiya aliichukua sahani, akaenda nayo jikoni. Khadidja alikuwa amekwisha kuingia, ameinama anapuliza moto. Mama alimwambia asogee ampishe. Kisha akakumbuka, akamwachia mtoto nafasi.